Kiazi cha Bi Eduvina

Bahari ilikuwa imekula ua, ikala banda la kuku,
ikabakiza hatua kumi na mbili tu kufika barazani
kwa Bi Eduvina Huenchur, mjane, kisiwani Chiloé.
Basi tukaja na ng'ombe, jozi tisa,
na minyororo, na magogo ya kutelezeshea,
tuikokote nyumba kama ilivyo, na paa lake,
hadi mlimani kwa binamu yake.

Mimi nilikuwa mwanagenzi, miaka kumi na sita.
Wiki nzima fundi Abelardo Chiguay hakunipa nyundo.
Alinipa maneno.
"Kitu usichokijua jina hutakijua pa kukifunga kamba,"
akanipitisha chumba kwa chumba, kwa kidole:

Huu mwimo. Mlango huenda na kurudi, wenyewe umesimama.
Ile lenta. Inabeba uzito wote ili chini yake pawe na tundu;
ifikirie hiyo ukilala.
Kizingiti, ona kilivyolika katikati kama sabuni.
Bawaba, vyuma viwili vilivyokataa kuachana.
Kenchi. Kombamoyo.
Na boriti ile iliyolazwa juu ya ukuta: mtambaapanya.

Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Panda."
Nikapanda. Kweli, kulikuwa na njia yao,
mstari uliong'arishwa na matumbo madogo,
na kando yake, kwa penseli ya seremala,
mwandiko wa marehemu:
*tatu na robo. nne kasoro. kata tena.*

Marehemu Nolberto aliijenga nyumba hii kwa mikono yake,
na mkewe hakumsamehe dirisha.
Dirisha la jikoni lilikwenda upogo. Kisiwa kizima kilijua.
Kiazi kikimponyoka mwenye kumenya
kilibingirika chenyewe hadi chini ya jiko,
na Bi Eduvina akisema, "Nolberto,
kiazi chako hicho, kinakuja kukusalimia."
Miaka thelathini na moja.
Alipokufa akaacha kusema.
Akaendelea kuinama na kuokota.

Tukafunga. Tukatia vigango pande zote,
tukang'oa bomba la jiko, tukavua vioo,
na wanaume sitini wakaweka mabega.
Nyumba ikaguna.
Ng'ombe wakapiga magoti kwenye tope, wakainuka,
na mahali ilipokuwa nyumba
pakawa na anga.

Msingi hauhami. Hilo hakuwa amenifundisha.
Ulibaki pale, mawe kumi na manne kwenye nyasi zilizopauka,
na jiwe la pembeni, upande wa jiko,
lilikuwa limezama shubiri nzima ardhini.
Fundi akachuchumaa. Akalitazama muda mrefu.
Akanitazama mimi, kana kwamba nimwambie neno.

Siku ya pili, kule juu, juu ya nguzo mpya,
nikaweka pimamaji kwenye sakafu ya jikoni:
povu likatulia katikati.
Nikaiweka chini ya dirisha: katikati.
Nikashusha timazi kando ya fremu, uzi na risasi yake,
nikangoja uache kuyumba.
Ukagusa mbao juu, ukagusa chini,
haukuacha hata nafasi ya ukucha.

Fundi alimwambia kwa sauti ndogo, kofia mkononi:
"Bibi, dirisha halikuwa na kosa.
Ni jiwe."

Hakujibu. Watu walikuwa nje, nyama inachomwa,
mtu anagonga bati kwa kijiko.
Bi Eduvina akaingia, akainua mguu kizingitini
kama alivyozoea, pale palipolika,
akafungua gunia, akachagua kiazi,
akakiweka katikati ya sakafu.

Kikakaa.

Akakingoja. Nami nikakingoja, pimamaji kwapani.
Kisha, kwa ncha ya kiatu, taratibu,
akakisukuma kuelekea jikoni.